Mawaziri Walioandika Barua

Mwaka 1976 mikoa ya Mwanza na Shinyanga nchini Tanzania ilikuwa katika msako mkali. Mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi yalikuwa yamezidi, na vyombo vya dola vilitakiwa kuwapata wahusika. Watuhumiwa walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa maofisa.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mwalimu kwa taaluma. Hakumpiga mtu, wala hakuwamo katika vyumba vya mahojiano. Katika ofisi nyingi, za jana na za leo, hapo ndipo mkubwa huunda tume, huwasimamisha kazi wadogo wawili watatu, kisha huendelea kunywa chai yake. Mwinyi aliandika barua ya kujiuzulu, na Januari 1977 ikatangazwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere, ameikubali. Polisi walikuwa wa wizara yake, hiyo ilitosha. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani, naye baadaye akapelekwa Cairo kuwa balozi.

Kung'atuka kwa hiari halikuwa jambo la kawaida. Enzi za chama kimoja mawaziri walizoea kuondolewa, si kuondoka.

Edwin Mtei aliondoka kwa sababu nyingine kabisa. Huyu ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, tangu 1966, na mwaka 1979 alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi iliyokauka mfuko: Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, bei ya mafuta imepanda, na vita vya Kagera dhidi ya Uganda vimekula akiba. Shilingi 8 na senti kidogo zilinunua dola moja, lakini kwenye vitabu tu. Mtei aliona hakuna njia ila kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu hakutaka hata kusikia. Mazungumzo yakavunjika, Mtei naye akaandika barua.

Barua hii ya pili ndiyo iliyohitaji moyo zaidi. Anayejiuzulu kwa makosa ya walio chini yake huonewa huruma. Anayempinga Mwalimu, tena akionekana kusimama upande wa wakopeshaji, hana wa kumpigia makofi. Angeweza kutia saini bajeti asiyoiamini, abaki na gari la serikali. Wangapi hawakufanya hivyo?

Mwaka 1986 serikali ilitia saini mkataba na Shirika hilo, na dola ikapanda hadi takriban shilingi 40. Rais aliyeidhinisha alikuwa Mwinyi. Miaka michache baadaye alimwita Mtei aongoze tume ya kuchunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali. Ripoti yake ya 1991 ilipendekeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitoza mwaka 1998.