Kurahisisha sehemu za kialjebra kwa vigawo

Maana. Kurahisisha sehemu ya kialjebra ni kugawanya kiasi (mtajo ulio juu ya mstari) na asili (mtajo ulio chini yake) kwa kigawo kinachoshirikiwa na vyote viwili, mpaka pasibaki kigawo cha shirika isipokuwa 1. Umbo hubadilika, thamani haibadiliki. Ndivyo 18/24 inavyokuwa 3/4, kiasi na asili vinapogawanywa kwa 6.

Kigawo na kigawe. Maneno haya huchanganywa mara kwa mara, ilhali mofolojia yake inayatenganisha waziwazi. Kiishio -o katika *kigawo* hutaja kitendeacho kazi, kama katika *kizibo* na *kifuniko*: kigawo ni kinachogawa. Kiishio -e katika *kigawe* hutaja kilichotendwa, kama katika *kiumbe*: kigawe ni kinachogawika. Kwa hiyo 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Katika kurahisisha tunatafuta vigawo.

Mfano. Rahisisha (x² − 9)/(x² + 5x + 6).

Kwanza, andika kiasi na asili kama mazao ya vigawo:

x² − 9 = (x − 3)(x + 3)
x² + 5x + 6 = (x + 2)(x + 3)

Kigawo cha shirika ni (x + 3). Gawanya juu na chini kwa kigawo hicho; jawabu ni (x − 3)/(x + 2).

Hakiki kwa kuweka 1 mahali pa x. Sehemu ya awali ni −8/12, yaani −2/3. Jawabu nalo ni −2/3.

Futa, kata au gawanya? Darasani husemwa “futa” au “kata” vinavyofanana. Vitenzi hivi vinaeleza mwendo wa kalamu, havielezi hesabu. Mwanafunzi anayevifuata neno kwa neno ataifuta x² juu na chini, abaki na −9/(5x + 6). Akiweka 1 mahali pa x atapata −9/11, si −2/3. Kosa ni kwamba x² hapa si kigawo cha kiasi wala cha asili. Ni kipande tu kinachojumlishwa na vingine. Kinachoondolewa lazima kiwe kimezidishwa na yote yaliyosalia. Ndiyo maana tamko “gawanya kiasi na asili kwa (x + 3)” ni bora: linataja tendo lenyewe, na linamlazimu msemaji akitaje kigawo.

Sharti. Asili haiwezi kuwa sifuri. Hivyo x haiwezi kuwa −2 wala −3. Sharti la −2 linaonekana katika jawabu, lakini la −3 limetoweka pamoja na kigawo kilichoondolewa. Kwa −3, jawabu linatoa 6, ilhali sehemu ya awali ni 0/0, isiyo na maana. Sharti hilo liandikwe kando ya jawabu.

Kwa wafasiri. *Sehemu ya aljebra* huweza kueleweka kuwa tawi au mada ya aljebra. Pale muktadha usipotosha kuondoa utata, andika *sehemu ya kialjebra*.

Tazama pia: asili, kiasi, kigawe, kigawo, mtajo.