J.M. Kariuki: Sauti ya wakulima wa Nyandarua iliyozimwa

MAPEMA Machi 1975, wakati Wakenya walipokuwa wakiarifiwa kwamba Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Bw Josiah Mwangi Kariuki, yuko safarini nchini Zambia, mwili wake ulikuwa katika chumba cha maiti jijini Nairobi. Ulikuwa umepatikana katika vilima vya Ngong, siku moja baada ya mbunge huyo kuonekana akiondoka katika hoteli ya Hilton.

Tangu wakati huo, J.M., kama alivyojulikana kote nchini, amekumbukwa zaidi kwa jinsi alivyokufa. Hata hivyo, chanzo cha umaarufu wake kimo katika mashamba ya wilaya aliyoiwakilisha.

Nyandarua iko magharibi mwa milima ya Aberdare. Ni nyanda za juu zenye baridi kali, ambako jalidi huweza kuunguza shamba zima la viazi kwa usiku mmoja. Wakati wa ukoloni, eneo hilo lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu, waliofuga ng'ombe na kondoo na kulima ngano na pareto. Waafrika waliishi humo kama maskwota, wakimfanyia mlowezi kazi ili waruhusiwe kulima kipande kidogo cha ardhi.

J.M. mwenyewe alizaliwa katika maisha hayo mnamo 1929, katika Bonde la Ufa. Alisomea shule ya Budo nchini Uganda, na mwaka 1953 akakamatwa na serikali ya kikoloni kwa kuhusishwa na Mau Mau. Alizungushwa kutoka kambi moja ya kizuizini hadi nyingine hadi 1960, masaibu aliyoyasimulia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1963.

Baada ya kuachiliwa, alikuwa katibu wa kibinafsi wa Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Aberdare, na kuanzia 1969 akawakilisha Nyandarua Kaskazini. Aliongoza pia Huduma ya Vijana kwa Taifa, kisha akawa waziri msaidizi.

Wakati huo, sura ya Nyandarua ilikuwa ikibadilika. Kupitia mpango ulioanza mwaka 1962, serikali ilinunua takriban ekari milioni moja kutoka kwa walowezi nchini na kuzigawia familia zipatazo 35,000. Nyandarua ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa zaidi. Lakini ardhi hiyo haikutolewa bure. Fedha za kuinunua zilikopwa, hasa kutoka Uingereza, na mkulima alitakiwa kulipa deni la shamba lake kwa awamu, huku akitafuta mbegu, ng'ombe na karo ya watoto.

Kwa waliopigana msituni au kufungwa kizuizini, hilo lilikuwa jambo chungu: kuuziwa ardhi waliyoamini kuwa walinyang'anywa. Uchungu ulizidi walipoona mashamba mengine makubwa yakinunuliwa mazima mazima na wakubwa serikalini.

Hapo ndipo J.M. alipopata hoja yake. Ndani na nje ya Bunge, alionya kwamba Kenya ilikuwa ikielekea kuwa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Alitaka ardhi igawanywe kwa haki, na alichangia kwa mkono mkunjufu katika mikutano ya harambee.

Wapinzani wake hawakukosa la kusema. J.M. alikuwa tajiri, mwenye shamba kubwa Gilgil, na walihoji vipi mtu kama huyo angejiita mtetezi wa wasio na ardhi. Wapiga kura wake waliamua vingine. Katika uchaguzi wa Oktoba 1974, licha ya mikutano yake kuzuiwa, walimrudisha bungeni. Hakumaliza hata miezi mitano.

Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Bw Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo na kuwasilisha ripoti Juni 1975. Bw Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipoteza wadhifa wake kwa kuipigia kura ripoti hiyo. Hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Tangu 2013, Nyandarua ni kaunti yenye makao makuu Ol Kalou, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 638,289. Viazi, kabichi na maziwa yake hulisha Nairobi kila siku. Hospitali kuu ya Ol Kalou ina jina la J.M. Lakini mashamba yaliyogawanywa miaka ya sitini yameendelea kukatwa vipande kila baba anapowarithisha wanawe, na swali la nani ana ardhi, na kiasi gani, halikuzikwa pamoja na mbunge huyo kule Gilgil.