Mbweha wa Ngorongoro Aligeukaje Mbwa Mwitu?

Mnyama ambaye Jane Goodall na mumewe Hugo van Lawick walimfuatilia katika kreta ya Ngorongoro, wakampa yeye na mwenzi wake majina ya Jason na Jewel, kisha wakautangazia ulimwengu habari zake katika kitabu chao cha mwaka 1970, hakuwa mbweha. Alikuwa mbwa mwitu. Kosa halikuwa lao. Wakati ule karibu wataalamu wote walimwita mbweha wa dhahabu, Canis aureus, na kumhesabu kuwa kitu kimoja na mbweha wa India, Iran na Ugiriki. Kumtoa katika jina hilo kulichukua karibu karne mbili za mabishano, mafuvu mengi ya makumbusho, na mwishowe vinasaba vya mnyama kutoka Kenya.

Kwanza tuwatenganishe wanyama wawili wanaogongana jina. Mbwa mwitu wa makala haya ni wa jamaa ya yule wa Ulaya, Asia na Amerika, Canis lupus, ambaye ukoo wake ndio asili ya mbwa wetu wa nyumbani. Yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya njano, anayewinda kwa kundi Ruaha na katika Hifadhi ya Nyerere, ni kiumbe kingine, Lycaon pictus. Huyo naye alianza vibaya kwenye vitabu: mwaka 1820 Mholanzi Coenraad Temminck alimweleza kutokana na mnyama wa pwani ya Msumbiji, akamwandika kuwa aina ya fisi. Ilipofika 1827 ndipo akapewa jenasi yake mwenyewe. Temminck tutakutana naye tena, tena katika shughuli ileile ya kumtambua mnyama wa mbali akiwa Ulaya.

Utaratibu wenyewe wa majina ulitoka Sweden. Mwaka 1758, katika toleo la kumi la Systema Naturae, Carl Linnaeus aliwakusanya mbwa wa nyumbani, mbwa mwitu na mbweha wa dhahabu ndani ya jenasi moja, Canis. Mbweha huyo alikuwa wa Asia. Wa Afrika hakuwamo, lakini baadaye aliingizwa humo kwa sababu rahisi sana: walifanana. Kimo chao ni karibu kimoja, rangi ni ileile ya mchanga na majani makavu, na wote wawili hula chochote, kuanzia panya na mende hadi mizoga na matunda.

Wa kale hawakuwa wepesi hivyo wa kumwita mbweha. Herodotus aliandika kwamba mbwa mwitu wa Misri si wakubwa sana kuliko mbweha mdogo, na Aristotle akasema ni wadogo kuliko wa Ugiriki. Wagiriki waliuita mji wa Asyut, katika Misri ya Juu, Lycopolis, yaani mji wa mbwa mwitu, kwa ajili ya mungu wake Wepwawet mwenye umbo la mnyama wa jamii hiyo. Wasomi wa baadaye walizichukua habari hizi kama makosa ya watu wasiojua zoolojia.

Karne ya 19 ilileta majina mawili ambayo yangekuja kugombana miaka 200 baadaye. La kwanza lilitolewa Paris mwaka 1820, pale Frédéric Cuvier alipomwita mnyama aliyetoka Senegal Canis anthus. La pili lilitoka kwa Wajerumani wawili vijana, Wilhelm Hemprich na Christian Ehrenberg, waliosafiri Misri na kandokando ya Bahari ya Shamu kuanzia 1820. Hemprich alikufa kwa homa mjini Massawa mwaka 1825, akiwa bado hajafikisha miaka 30. Ehrenberg alirudi Berlin na maelfu ya vielelezo, na miongoni mwa majina yaliyochapishwa kutokana na safari ile mwaka 1832 lilikuwamo Canis lupaster, la mnyama wa Fayum, Misri.

Mashaka yalianza mapema. Mwaka 1880 Thomas Henry Huxley, yuleyule mtetezi mkali wa Darwin, alipima mafuvu na meno ya wanyama wa jamii ya mbwa na kuona kwamba fuvu la huyu wa Misri linafanana mno na la mbwa mwitu wa India. Aliandika, wenzake wakasoma, na mambo yakabaki vilevile. Huku kwetu Mmarekani Edmund Heller, aliyewahi kuja na msafara wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, alimpa yule wa nyanda za Loita, Kenya, jina la nususpishi bea mwaka 1914. Ulikuwa wakati wa kila mtaalamu kuongeza jina juu ya jina kwa tofauti ndogo ya rangi au ya kipimo. Baadaye majina hayo yote yalirundikwa chini ya Canis aureus. Hata Walter Ferguson alipopima tena mafuvu na kutangaza mwaka 1981 kwamba yule wa Misri ni mbwa mwitu, hakusikilizwa na wengi.

Mafuvu yalishindwa kwa sababu ambayo leo inaeleweka. Wanyama wawili wa koo tofauti wakiishi katika mazingira yanayofanana, wakila vyakula vinavyofanana, miili yao huweza kukaribiana mpaka jicho la mpimaji lidanganyike. Vinasaba havidanganyiki kirahisi hivyo, ingawa navyo vina mitego yake.

Mwaka 2011 watafiti wa Oslo, wakishirikiana na wenzao wa Oxford na Addis Ababa, walichapisha matokeo ya vinasaba vya mitokondria vya wanyama wa nyanda za juu za Ethiopia. Walikuwa na ukoo mmoja na lupaster wa Misri, kilomita zisizopungua 2,500 kutoka huko, na ukoo huo ulikuwa wa mbwa mwitu. Mwaka uliofuata ukaonekana pia Algeria, Mali na Senegal. Hata hivyo ushahidi ulikuwa na tundu: vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Mbweha dume akizaa na mbwa mwitu jike, kizazi chote kupitia mabinti kitabeba alama ya mama, hata kama sehemu iliyobaki ya mwili imegeuka ya mbweha.

Tundu hilo lilizibwa mwaka 2015. Timu ya Klaus-Peter Koepfli wa Smithsonian na Robert Wayne wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilisoma jenomu nzima, si upande wa mama tu, na kumlinganisha mnyama wa Kenya na mbweha wa dhahabu wa Israeli. Ilibainika kwamba koo zao zilitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na kwamba huyu wa Kenya yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na mbweha anayefanana naye. Idadi ya spishi hai za jamii ya mbwa duniani ikapanda kutoka 35 hadi 36, bila mtu kuingia msitu mpya wala kugundua mnyama asiyejulikana. Kwa maoni yangu hakuna uthibitisho bora zaidi wa jinsi maarifa yetu juu ya wanyama wa Afrika yalivyojengwa juu ya ngozi chache zilizohifadhiwa mbali na Afrika.

Ugomvi wa jina ukafuata. Timu ya 2015 ilitumia Canis anthus la Cuvier, kwa kuwa kanuni ya zoolojia hulipa kipaumbele jina la zamani zaidi. Mwaka 2017 watafiti wengine, wakiongozwa na Suvi Viranta wa Helsinki, walipinga: maelezo ya Cuvier hayatoshi kuthibitisha kwamba mnyama wake wa Senegal ni huyu tunayemzungumzia. Wakapendekeza Canis lupaster. Hoja yao ikashinda, na mwezi Mei 2019 kikao cha wataalamu wa jamii ya mbwa wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, huko Vairão, Ureno, kikakubaliana nayo. Kikao hichohicho kiliwaondoa mbweha wetu wawili wa kweli, mgongo-mweusi na miraba, katika jenasi Canis na kuwahamishia Lupulella. Hivyo wanyama watatu ambao mgeni wa Serengeti huwaita mbweha wamegawanyika katika jenasi mbili.

Mwaka mmoja kabla ya kikao hicho ilitoka habari iliyovuruga picha zaidi. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mbwa mwitu wa Afrika ni chotara wa zamani sana: karibu asilimia 72 ya asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu, na 28 ni mbwa mwitu wa Ethiopia, spishi nyingine tutakayoifikia mwishoni. Sasa aitwe spishi au asiitwe? Wataalamu walisema aitwe, kwa kuwa mchanganyiko ule umedumu na kujitegemea kwa muda mrefu mno. Nakubaliana nao, japo najua jibu hilohilo limewatoa watu jasho Marekani.

Huko, mwaka 1944, Edward Goldman alichapisha pamoja na Stanley Young kitabu kikubwa juu ya mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini, akawagawa katika nususpishi zaidi ya 20, nyingine kwa kutegemea mafuvu machache tu. Mwaka 1995 Ronald Nowak aliyapima upya na kubakisha tano. Huo ungekuwa mjadala wa maprofesa tu kama isingekuwapo Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka 1973, ambayo hulinda spishi na nususpishi. Tangu hapo mstari wa mtaalamu kwenye karatasi ukawa na wakili upande huu na mfugaji wa ng'ombe upande ule.

Aliyeumia zaidi ni mbwa mwitu mwekundu wa kusini-mashariki, Canis rufus. Wachache waliosalia walikamatwa, 14 kati yao wakawa wazazi wa kizazi chote kilichofuata, na mwaka 1980 akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 1987 alirudishwa kwenye pori la Alligator River, North Carolina. Kisha vinasaba vikafichua mchanganyiko mkubwa na koyote, jamaa mdogo wa mbwa mwitu huko Amerika, na waliomchukia wakapata silaha: kwa nini fedha za umma zimlinde chotara? Bunge liliagiza uchunguzi, na mwaka 2019 Akademia za Taifa za Sayansi za nchi hiyo zikajibu kwamba mbwa mwitu mwekundu ni spishi halali, na wa Mexico ni nususpishi halali. Huyo wa Mexico naye alinusurika kwa wazazi saba tu.

Kwa waliokwisha kutoweka, orodha ina maswali yake. Temminck wetu wa fisi, akiwa mkuu wa makumbusho ya Leiden, alimpa mbwa mwitu mdogo wa Japani jina hodophilax mwaka 1839 kutokana na vielelezo vilivyotumwa na Philipp von Siebold. Siebold alidhani kuna wanyama wawili, Temminck akawaunganisha. Wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1905 katika mkoa wa Nara, na mwili wake ukanunuliwa na Mmarekani Malcolm Anderson kwa ajili ya makumbusho ya London. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2024 umeonyesha kwamba, kati ya mbwa mwitu wote waliochunguzwa, huyo ndiye jamaa wa karibu zaidi wa mbwa wa nyumbani. Tumemjua vizuri akiwa mifupa.

Naye yule mkubwa wa Amerika ya kale, aliyeacha mabaki ya zaidi ya wanyama 4,000 katika lami ya La Brea, Los Angeles, ametolewa kabisa katika ukoo. Joseph Leidy alimwita Canis dirus mwaka 1858, lakini vinasaba vilivyochapishwa 2021 vilionyesha kuwa ukoo wake ulijitenga miaka milioni 5.7 hivi iliyopita, na sasa anaitwa Aenocyon dirus. Kwa hiyo kampuni ya Colossal Biosciences ya Texas ilipotangaza Aprili 2025 kwamba imemfufua, kwa kubadili sehemu 20 za jenomu ya mbwa mwitu wa kijivu, wataalamu wa IUCN walikataa. Watoto wale weupe ni mbwa mwitu wa kijivu waliorekebishwa. Koti jipya halibadilishi ukoo.

Turudi Afrika, kwa jirani ambaye jina sahihi lilimfaa kwa vitendo. Eduard Rüppell alimtambulisha kisayansi mbwa mwitu wa Ethiopia, Canis simensis, kutokana na milima ya Simien, na kwa zaidi ya karne moja Wazungu walimwita mara mbweha, mara mbwa mwitu. Mwaka 1994 vinasaba vilimweka karibu na mbwa mwitu. Ndiye anayeishi juu ya mita 3,000, akila fuko na panya wa mlimani, na waliobaki ni wazima wasiofika 500, zaidi ya nusu yao katika milima ya Bale. Adui yake mkubwa ni kichaa cha mbwa na magonjwa mengine yanayoletwa na mbwa wa vijijini, ndiyo maana chanjo ya mbwa hao ni sehemu ya kazi ya kumwokoa.

Mbwa mwitu wa Afrika hajafikia hali hiyo. IUCN haimweki katika kundi la walio hatarini. Katika nyanda za majani mafupi za Serengeti na Ngorongoro utamtambua kwa rangi yake ya dhahabu isiyo na shuka jeusi la mbweha mgongo-mweusi. Waandishi wa vitabu vya shule, waongozaji watalii na wanaoandika vibao vya hifadhi zetu wana jina lililokubaliwa tangu 2019, Canis lupaster, na toleo lijalo lisitoke bila jina hilo.