Mwaka wa Nzi: Ngorongoro na Sinema za Wanyama Wanaoshambulia Watu

Filamu ya The Birds, ambayo Alfred Hitchcock aliiongoza na ikaanza kuonyeshwa mwaka 1963, huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za taharuki, yaani masimulizi ambamo mtazamaji hutiwa wasiwasi si kwa jambo lililokwisha kutokea bali kwa lile analohisi kwamba linakuja. Ndani yake shakwe, kunguru na ndege wadogo wa mji wa Bodega Bay, katika pwani ya California, wanaanza kuwadonoa na kuwaua watu, na mambo yanazidi kuharibika mpaka filamu inakwisha bila mhusika yeyote kueleza kilichowageuza viumbe hao. Tangu hapo watazamaji wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoona kwamba kimya hicho ndicho ustadi wenyewe, kwa hoja kwamba adui asiye na sababu hawezi kutulizwa wala kupatanishwa. Na wapo wanaonung'unika kwamba wameketishwa karibu saa mbili wakingoja jibu ambalo watunzi hawakuwa nalo, kiasi kwamba hata neno la kutangaza mwisho wa filamu halikuwekwa kwenye pazia.

Ubishi huo una sura nyingine ukitazamwa kutoka Ngorongoro, kwa kuwa mwaka 1962, mwaka uleule ambao Hitchcock alikuwa akipiga picha za ndege wake, viumbe wadogo ambao kwa kawaida hakuna anayewaogopa waliwavamia wakubwa wao ndani ya kreta, na shambulio hilo halikuwa la kuigiza. Kreta, kama wenyeji wa Karatu na Ngorongoro wanavyoiita, ni shimo lililobaki baada ya kilele cha mlima wa volkano kubomoka na kudidimia, lenye kuta za kimo cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi, ambamo wanyama wa kila namna huishi karibu karibu kuliko mahali pengi Afrika. Waliovamiwa walikuwa simba, na waliovamia walikuwa nzi.

Mvua zilizoanza kunyesha mwishoni mwa 1961, wakati Tanganyika ikipata uhuru, zilikuwa kubwa mno katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, tena zilikuja baada ya kipindi cha ukame. Katika sakafu ya kreta, maji hayo yalikutana na majani yanayooza na kinyesi cha maelfu ya nyumbu, pundamilia na ng'ombe, na hapo wakazaliana kwa wingi usio wa kawaida nzi wa jamii ya Stomoxys, ambao kwa umbo wanafanana na nzi wa nyumbani lakini wana mdomo mgumu wa kutobolea ngozi, na ambao dume na jike wote hunywa damu. Simba walijaa vidonda vilivyokuwa vikifunguliwa upya kila siku, wakakonda, wakashindwa kuwinda, na wakaonekana wakipanda mitini au kujipenyeza katika mashimo ya fisi ili kuwakimbia wadudu. Henry Fosbrooke, aliyekuwa Mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliandika taarifa ya janga hilo katika jarida la kisayansi la Afrika Mashariki, na hesabu za watafiti waliomfuata zinaonyesha kwamba simba waliokuwa wakikaribia au kuzidi 60 walipungua hadi kufikia 10 hivi. Baadaye madume 7 waliingia kutoka nje, na Craig Packer pamoja na wenzake, waliochunguza ukoo wa simba wa kreta kwa miaka mingi, walionyesha kwamba kizazi kilichofuata kilitokana na mababu 15 tu, jambo lililoleta udhaifu wa damu unaotokana na ndugu kuzaliana wao kwa wao.

Hakuna mtunzi wa sinema aliyekikimbilia kisa hicho, na sababu si ngumu kuiona. Mshambuliaji hana uso wa kukaribishwa kwenye kamera, mhanga ni yuleyule ambaye watazamaji wamezoea kulipa kiingilio ili wamwone akitisha, na zaidi ya yote chanzo kinajulikana: ukame, kisha mvua, kisha majani yaliyooza. Taharuki haipendi chanzo kinachojulikana. Hata kwa Hitchcock chanzo kilikuwepo, ingawa hakikuingia katika filamu, kwani hadithi fupi ya Daphne du Maurier ya mwaka 1952, ambayo filamu ilitokana nayo, ilipata msukumo wa pili Agosti 1961, wakati ndege wa baharini walipojigonga kwa wingi kwenye nyumba za mji wa Capitola, karibu na makazi ya mwongozaji huyo. Na miongo kadhaa baadaye wanasayansi walionyesha dalili kwamba ndege hao walikuwa wamelishwa sumu inayotoka katika aina fulani ya mwani, kupitia samaki waliowala.

Kamera zenyewe zilikuwa zimekwisha kufika kaskazini mwa Tanganyika kabla ya nzi, na kila moja ilikuja na uamuzi wake kuhusu nani ni adui wa nani. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walizunguka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu makundi ya nyumbu, na filamu yao, ambayo jina lake lina maana kwamba Serengeti haipaswi kufa, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi kwa mwaka 1959. Michael hakuiona ikimalizika: tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akazikwa kwenye ukingo wa kreta, mahali ambapo majivu ya baba yake yaliwekwa pia baada ya kifo chake mwaka 1987. Filamu hiyo haikumlaumu tumbusi. Kwa watunzi wake mnyama alikuwa mhanga na mwanadamu ndiye mvamizi, na miongoni mwa wavamizi hao Grzimek aliwaingiza Wamasai na ng'ombe wao, hoja ambayo imeacha alama katika siasa za uhifadhi mpaka leo, ingawa mwaka huohuo wa 1959 sheria iliitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa nia ya kuwaruhusu wafugaji na wanyamapori waishi pamoja.

Hatari! ya Howard Hawks, iliyoanza kupigwa picha Tanganyika mwishoni mwa 1960 na kutolewa 1962, ilirudi kwenye njia ya zamani. John Wayne na wenzake wanaigiza wakamataji wa wanyama wa kuuzwa kwenye bustani za nje. Filamu inaanza kwa faru anayemchoma mmoja wao kwa pembe, na waigizaji walishiriki wenyewe kuwafukuza wanyama halisi kwa magari, wakielekezwa na Willy de Beer, aliyekuwa na kazi hiyohiyo maishani. Mtazamaji alitoka akiamini kwamba faru ndiye tishio. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru weusi 108 katika kreta. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wimbi la ujangili, hawakufika 20.

Ukoo mrefu zaidi wa sinema za aina hii umetoka Tsavo, nchini Kenya, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi wa reli ya Uganda kwa miezi kadhaa mpaka walipouawa na J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja. Bwana Devil, ya mwaka 1952, ilikigeuza kisa hicho kuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi yenye picha za pande tatu, yaani picha ambazo mtazamaji anayevaa miwani maalumu huziona kama zinamtokea mbele ya uso. Nayo The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, ilipigwa picha Afrika Kusini ikitumia simba wenye manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Patterson alipata kudai kwamba walioliwa walikuwa 135; uchunguzi wa mifupa na nywele za simba hao, uliotangazwa mwaka 2009, ulikadiria 35 hivi. Watafiti wametaja sababu zaidi ya moja, zikiwemo meno mabovu ya mmoja wa simba hao na ugonjwa wa sotoka, ambao katika miaka ya 1890 uliwaangamiza ng'ombe na nyati na kuwaacha simba bila mawindo ya kawaida. Sotoka hiyohiyo ilipita Ngorongoro: Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyeingia katika kreta mwaka 1892, alikuta Wamasai waliodhoofishwa na njaa baada ya mifugo yao kufa. Kwa hiyo kisa ambacho Hollywood ilikiuza kama uovu wa simba wawili kilikuwa, kwa sehemu, tawi la janga la mifugo lililozikumba nchi nyingi.

Maoni ya watazamaji wa Afrika Mashariki kuhusu picha za namna hii hayakuandikwa mengi, na yaliyoandikwa na maofisa wa kikoloni yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa sinema za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzitembeza kwa gari, na katika enzi hiyo kilienea kisa kwamba wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye pazia walisema kwamba hawana haja ya kumwogopa, kwa kuwa mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hicho kilisimuliwa katika makoloni tofauti, kila mahali kama vile kimetokea hapo hapo, na hilo peke yake linatosha kukitilia shaka. Hata kama kiliwahi kusemwa kweli, inawezekana kabisa kwamba aliyesema alikuwa akifanya mzaha ambao ofisa hakuung'amua.

Kinachojulikana kwa uhakika ni hali ya wale ambao mnyama kwao si picha. Utafiti wa Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliwaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi wasiopungua 308, wengi wao katika mikoa ya kusini, wala si karibu na kreta inayotembelewa na watalii. Chanzo kilichobainishwa kingemkatisha tamaa Hitchcock: nguruwe pori huingia mashambani wakati wa mavuno, wakulima hulala kwenye madungu, yaani vibanda vya kulindia mazao, na simba wanaowafuata nguruwe huwakuta watu.

Karatu, wilaya ya wakulima inayopakana na msitu wa nyanda za juu wa Ngorongoro, adui wa usiku ni tembo na nyati, ambao hushuka kutoka msituni hadi kwenye mahindi na maharage, na baadhi yao hufuata mapito ya kale ya wanyama kati ya Ngorongoro na Ziwa Manyara, likiwemo lile la Upper Kitete na Selela, ambayo sasa yana mashamba kandokando. Mkulima wa hapo hana anasa ya kujiuliza kama tembo amegeuka bila sababu. Anajua msimu, anajua njia, na mara nyingi anajua ni dume gani. Katika Afrika Mashariki wakulima wamejaribu tochi na honi, kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu, na mizinga ya nyuki inayotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, baada ya Lucy King na wenzake kuonyesha mwaka 2007, kwa majaribio yaliyofanyika Kenya, kwamba tembo hukimbia wanaposikia tu mvumo wa nyuki. Na hapo tena mdudu anamshinda mnyama mkubwa, safari hii kwa kualikwa.

Serikali ya Tanzania nayo ina jibu lake kwa swali la chanzo, ingawa haikulenga kulijibu. Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ziliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama hatari, na viwango vyake viliwekwa kuwa shilingi 1,000,000 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Kwa upande wa mazao, kanuni hizo za 2011 hazikumlipa yeyote kwa zaidi ya ekari 5, na malipo ya ekari moja yaliongezeka kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, hadi kufikia shilingi 100,000 kwa lile lililokuwa zaidi ya kilomita 5. Kwa hesabu hiyo, mkulima ambaye ukingo wa msitu unaonekana kutoka mlangoni kwake, na ambaye tembo humfikia kwanza, ndiye aliyekuwa na jasho la bei ndogo.