Namba ya tarakimu 39 iliyoshika rekodi miaka 75

Chukua 2, ipandishe hadi kipeo cha 127, kisha toa 1. Utapata 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Mwaka 1876 Édouard Lucas, mwalimu wa hisabati wa Ufaransa, alitangaza kuwa hiyo ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hadi 1951 haikupatikana namba tasa kubwa kuliko hiyo, na mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa bila mashine.

Kipeo chenyewe Lucas alikikuta kwenye orodha ya Marin Mersenne, mtawa wa Paris, ambaye mwaka 1644 alidai kuwa kuanzia 2 hadi 257 ni vipeo 11 tu vinavyozaa namba tasa kwa njia hiyo. Orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 ziliachwa. Mwaka 1772 mwanahisabati Euler alithibitisha kipeo cha 31 kwa kujaribu vigawo, baada ya kuvichuja kwa ustadi. Kwa 127, kujaribu hivyo ni kupoteza umri, maana vigawo vya kupima vinafika tarakimu 20.

Lucas akaachana na vigawo kabisa. Anza na 3, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoichunguza, uchukue baki; kisha rudia. Tupime kipeo cha 7, yaani namba 127: tunapata 3, 7, 47, 48, 16, 0. Sifuri imetokea hatua ya tano, yaani kipeo kutoa 2, basi 127 ni tasa. Kwa kipeo cha 127 hatua ni 125, na kila moja ni kuzidisha namba za tarakimu hadi 39. Ili kurahisisha kazi, Lucas alieleza ubao wenye miraba 127 kila upande, unaochezwa kwa kete katika hesabu ya mbili-mbili, ambamo kugawa kunageuka kuwa kusogeza kete tu. Si ajabu kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyebuni fumbo la Mnara wa Hanoi.

Kuanza na 3 kunafaa vipeo vinavyobakiza 3 vikigawanywa kwa 4. Mwaka 1930 Mmarekani D. H. Lehmer alithibitisha kuwa ukianza na 4, kanuni inafaa vipeo tasa vyote kuanzia 3.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kipeo cha 67. Mwaka uleule wa 1876 Lucas alionyesha kuwa namba yake si tasa, bila kuweza kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipoviweka mbele ya wanahisabati wa Marekani: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Mwaka 2024 kanuni ya Lucas na Lehmer ilithibitisha namba tasa ya tarakimu 41,024,320, ya kipeo 136,279,841. Lakini tazama mfuatano huu: kipeo 2 huzaa 3, 3 huzaa 7, 7 huzaa 127, na 127 huzaa namba ya Lucas, zote tasa. Namba ya Lucas nayo ikifanywa kipeo, je? Idadi ya hatua zake ingekaribia namba ya Lucas yenyewe, na hakuna kompyuta inayoweza kuzimaliza.