Shemasi wa Karthago na Sisi Tunaofundisha Biblia



Karibu na mwaka 400, katika mji wa Karthago, kwenye pwani ya kaskazini ya bara letu, palikuwa na shemasi jina lake Deogratias. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu waliotaka kuingia katika Kanisa na kuwapa fundisho lao la kwanza. Wengi waliletwa kwake, kwa kuwa alisifiwa kwamba anaijua imani na kwamba maneno yake yanapendeza. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika. Alimwandikia Augustino, askofu wa Hippo, akimwuliza masimulizi ya Maandiko yaanzie wapi na yakomee wapi, na kama mwishoni yafaa kuongeza maonyo au kutaja amri tu. Kisha alikiri jambo ambalo walimu wengi hulificha: kwamba mara kwa mara, fundisho likirefuka na kupoa, alijichosha mwenyewe, sembuse yule aliyekuwa akimsikiliza.

Sisi tuliosomea ualimu, na ambao tumefundisha dini kwa miaka mingi, tunamfahamu shemasi huyo kana kwamba tuliketi naye katika dawati moja. Nanyi mnaoongoza somo la Biblia katika vikundi vya vijana mtamfahamu pia. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia jibu alilopewa. Lilitoka kwa Mwafrika, likaandikiwa Mwafrika mwenzake. Tena kutoka Karthago ipo njia inayofika hadi Ziwa letu la Tanganyika.

Mwalimu aliyeomba muda

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Kabla ya kubatizwa, mwaka 387, alikuwa amefundisha ufasaha wa kusema huko Karthago, Roma na Milano. Kusema mbele ya watu ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mwaka 391, waamini wa Hippo walipokusanyika kanisani, walimshika wakataka awe padri wao, naye akalipokea daraja hilo kwa machozi.

Sasa tutazame alichofanya baada ya hapo. Hakuutegemea ufasaha wake. Alimwandikia askofu wake, Valerius, akimsihi ampe nafasi mpaka Pasaka, apate kusali na kuyachunguza Maandiko. Alieleza kwamba yale yaliyohusu wokovu wake mwenyewe aliyashika, bali namna ya kuwagawia wengine alikuwa bado hajaijua. Mtu aliyewafundisha wengine kusema aliona kwamba kujua kusema hakutoshi. Na sisi, tusio na ufasaha wake, mara ngapi tumeifungua Biblia kwa mara ya kwanza tukiwa tayari mbele ya watu?

Jibu la barua

Augustino alimjibu Deogratias kwa kitabu kidogo juu ya namna ya kuwafundisha wanaoanza. Kwanza alimtia moyo: hata yeye, alisema, karibu kila mara hotuba yake humwudhi, maana jambo huangaza moyoni kwa nukta moja, lakini ulimi hulifuata polepole, na maneno hayalingani na kile alichokiona. Hata hivyo hamu ya wasikilizaji humwonyesha kwamba hawakutoka mikono mitupu. Basi mwalimu asiipime kazi yake kwa uchungu wake mwenyewe.

Juu ya masimulizi, alisema yaanzie kwenye uumbaji na kufika hadi nyakati za Kanisa tunamoishi. Je, ni kukariri vitabu vyote vya Musa, vya Wafalme, Injili na Matendo ya Mitume? Hapana. Mwalimu achague mambo makuu machache na kukaa nayo. Asiyaonyeshe kama ngozi iliyokunjwa ambayo mtu huitoa na kuirudisha papo hapo, bali ayakunjue, watu wapate kuyatazama na kuyastaajabia. Mengine ayapitie upesi. Na yote ayaelekeze kwenye lengo moja, yaani upendo wa Mungu, ili msikilizaji asikie na kusadiki, asadiki na kutumaini, atumaini na kupenda.

Juu ya wasikilizaji, alimwagiza amjue mtu kabla ya kumfundisha: awaulize wanaomfahamu, au amwulize mwenyewe kilichomleta, na aanzie katika jibu lake. Aliyesoma sana asifundishwe kwa kirefu kile anachokijua tayari. Asiyesoma asibebeshwe mzigo. Na mtu akianza kupiga miayo, mwalimu asimkasirikie, bali aseme neno la kumchangamsha, au ampe kiti. Augustino alisimulia kwamba aliwahi kumfundisha mtu wa shamba aliyechoka kusimama, naye akaenda zake. Alilikumbuka jambo hilo kama kosa la mwalimu, wala si la yule mtu.

Neno lililotugusa zaidi ni lile juu ya uchovu wa kurudia mambo yale yale. Tunapompitisha mgeni mahali pazuri pa nchi yetu, tulipopazoea hata hatupatazami tena, furaha yake hutufanya tupaone upya. Ndivyo ilivyo kwa Maandiko, alisema Augustino, ikiwa tunampenda yule tunayemfundisha. Na kama mambo yenyewe ni madogo mno kwetu, tumkumbuke mama anayemtafunia mtoto wake chakula: kumlisha mdogo humpendeza kuliko kula mwenyewe tonge kubwa.

Kutoka Karthago hadi ziwani

Miaka mingi ilipita, na Kanisa lile la Afrika Kaskazini likafifia. Mwaka 1868 Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Mwaka 1884 akawa pia askofu mkuu wa Karthago, mji ule ule wa Deogratias. Wanashirika wake walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa, na mwaka 1893 wakaanzisha misheni ya Kirungu.

Lavigerie aliwaagiza wafuate desturi ya Kanisa la kale: asibatizwe mtu kwa haraka, bali maandalizi yadumu miaka minne, isipokuwa katika hatari ya kifo. Wamisionari walikuwa wachache, na vijiji vilitawanyika. Aliyekaa na watu siku hadi siku, akiwafundisha sala na habari za Yezu, alikuwa katekista, mara nyingi mtu asiye na vitabu vingi. Imani yetu ilipita katika vinywa vyao. Kutoka nchi hiyo alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa daraja ya upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza kuipokea katika nyakati hizi.

Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilikazia jambo hilo katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu: mapadri, mashemasi na makatekista wadumu katika kuyasoma na kuyachunguza Maandiko, wasije wakalihubiri kwa nje neno wasilolisikiliza ndani.

Kosa letu

Hapa hatuna budi kukiri. Miaka mingi iliyopita, tukiwa bado wapya katika kazi, tulikwenda kwenye kikundi cha vijana kufundisha mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10. Tulikuwa tumeusikia tangu utoto, kwa hiyo hatukuufungua kabla ya saa ya somo. Tulisoma, tukasema kwamba yatupasa kuwasaidia wenye shida, na kwa dakika kumi tukawa tumemaliza. Ndipo msichana mmoja akauliza: «Mwalimu, mbona Yezu ametaja kabila la yule mtu? Si angesema tu kwamba mtu fulani alimhurumia?» Tulijibu kwamba hilo si la maana, tukaendelea na wimbo. Siku zile, mtaani kwetu, watu walikuwa wameanza kuulizana kabila kabla ya kusalimiana. Yule msichana hakuuliza tena, siku ile wala nyingine.

Kumbe jibu lilikuwa ukurasa mmoja nyuma. Katika sura ya 9 kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yezu kwa sababu anakwenda Yeruzalemu. Yakobo na Yohane wanataka kuita moto kutoka mbinguni, naye anawakemea. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 17, chaonyesha uhasama huo ulivyokuwa na mizizi ya zamani, na Injili ya Yohane, sura ya 4, yasema wazi kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakuwa na shirika. Ndipo, katika sura inayofuata, Yezu anamchagua mtu wa kabila hilo awe mfano wa upendo. Na mwalimu wa sheria, alipoulizwa nani alikuwa jirani, hakulitaja jina la Msamaria. Alisema tu kwamba ni yule aliyetenda huruma, kana kwamba jina lenyewe lilimkwama kooni. Neno kali kuliko yote katika mfano ule, neno ambalo mtaa wetu ulilihitaji siku ile ile, sisi tuliliruka kwa uvivu.

Namna ya kujiandaa

Basi, ndugu vijana, anayeongoza somo aanze mapema katika wiki. Asome sehemu yake mara tatu, kisha sura inayotangulia na inayofuata, na aya zinazotajwa pembeni au chini ya ukurasa. Aandike maswali yote, hata yale asiyoweza kuyajibu, ampelekee padri au katekista mzee. Achague jambo moja kuu la kulikunjua. Awakumbuke wenzake mmoja mmoja: nani amefiwa, nani ameacha shule, nani ana kinyongo na nani. Aandae swali moja litakalowafungua midomo. Na kabla ya kutoka nyumbani asali kwa ajili yao, akiwataja majina. Likitokea swali asilolijua, aseme bila haya: «Nitalitafuta, nitakuletea jibu.» Na alilete kweli.

Yule msichana hatukumjibu kwa wakati wake. Katika vikundi vyenu wapo wengine kama yeye, na Jumapili ijayo watakuja na maswali yao. Muwe mmejiandaa kwa ajili yao. Mtakatifu Augustino atuombee.