Tulipu yenye michirizi: ua ghali lililokuwa gonjwa

Leo tuangalie historia ya ua moja la Ulaya, kwa sababu lina funzo kwa yeyote anayepanda muhogo au viazi vitamu.

Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati. Waturuki waliipanda bustanini kabla ya Wazungu. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alifika Leiden, Uholanzi, na tulipu zake zikachanua mwaka 1594. Kitunguu chake hupandwa kabla ya majira ya baridi. Baridi hiyo ndiyo hukiandaa. Udongo ukianza kupata joto, majani hutokeza, kisha ua.

Waholanzi waliona jambo la ajabu: ua lililokuwa la rangi moja mwaka jana, mwaka huu lachanua na michirizi myekundu na myeupe. Matajiri waliligombania. Majira ya baridi ya 1636 kuingia 1637, watu waliuziana vitunguu vikiwa bado ardhini. Februari 1637 wanunuzi walikosekana mjini Haarlem, bei zikaporomoka.

Michirizi ile ilikuwa dalili ya ugonjwa. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba huambukiza: aliunganisha vipande vya kitunguu kigonjwa na kizima, na kile kizima kikaugua. Baadaye ilithibitika kuwa ni virusi vinavyoenezwa na vidukari. Kitunguu kigonjwa hudhoofika mwaka hadi mwaka na kuzaa vitoto vichache. Ndiyo maana aina zile zilikuwa adimu, na uadimu ukapandisha bei.

Hapa kwetu, batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, huko Usambara. Nayo ni virusi, huenezwa na nzi weupe, na hupita kwenye pingili kama ule wa tulipu ulivyopita kwenye kitunguu.

Kwa hiyo:

1. Chagua mbegu mmea ukiwa bado na majani. Pingili tupu haionyeshi dalili.
2. Majani yenye mabaka ya njano au yaliyojikunja, usichukue mbegu hapo, hata jirani akikupa bure.
3. Mche ukionyesha dalili mapema, ng'oa na uteketeze.

Tulipu gonjwa ilipata wanunuzi kwa uzuri wake. Muhogo mgonjwa utakupa mizizi midogo, na mwakani utapanda ugonjwa uleule.